Niliwafuta Marehemu Wetu kwa Herufi Moja

Makosa ni yangu. Nasema mapema kwa sababu nimesoma maungamo mengi hapa kwenye ukurasa huu, na wengi huanza kwa kumlaumu shetani, halafu mume, halafu mashoga zao. Mimi shetani simtaji. Siku ile hakuwapo. Tulikuwa mimi, kompyuta, na ujuzi wa wiki sita.

Jina langu niacheni nalo. Nina miaka ishirini na tisa, nauza dawa katika duka moja hapa Mtopanga, na naishi na nyanya yangu mzaa mama. Huyo ndiye aliyenilea, na huyo ndiye niliyemkosea.

Kwetu kila mwaka, mwezi wa Shaabani, kabla ya kuingia Ramadhani, hufanywa hitima ya ukoo. Husomwa Kurani, kisha maalim huwataja marehemu wetu mmoja mmoja, jina na jina la baba, watu wakaomba dua, wakala, wakaenda zao. Majina hayo yalikuwa kwenye daftari aliloliandika marehemu babu kwa herufi za Kiarabu. Walikuwamo watu mia moja na kumi na mmoja.

Sasa nyanya ana tabia yake. Kila jina likitajwa, yeye husukuma punje moja ya tasbihi. Tasbihi ina punje tisini na tisa, kwa hivyo akiimaliza huanza tena, na jina la mwisho humkuta kwenye punje ya kumi na mbili ya mzunguko wa pili. Hapo husema alhamdulillahi, hakuna aliyesahauliwa. Hizo punje zishikeni, maana ndizo zilizonikamata.

Mwaka juzi macho ya nyanya yalianza kuzima. Daktari akasema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Nyanya akaniita, nikaitika abee, akaniambia tuyatoe majina daftarini kabla giza halijamaliza kazi yake. Mimi chuo cha Kurani nilifika, na herufi za kupigwa chapa nazisoma, lakini mwandiko wa babu ulinishinda. Ikawa nyanya anasoma kwa jicho moja na kioo cha kukuzia, nami naandika kwenye kompyuta. Ilituchukua siku tisa.

Kila jina alilipa maneno mawili matatu. Huyu alikuwa mbishi, huyu alipenda papai bichi, huyu alifia safarini. Mimi niliandika majina tu. Hadithi niliona zitajaza nafasi. Faili zima lilikuwa dogo kuliko picha ya sambusa niliyonayo kwenye simu.

Tulipomaliza, akaniuliza daftari tulifanyeje. Mende walikuwa wamelila pembeni na kurasa zilikuwa zikikatika, lakini lilianza kwa Bismillahi, na kitu chenye jina la Mungu hakitupwi jaani. Nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu kwamba halihitajiki tena.

"Nyanya," nilimwambia, "kompyuta haisahau."

Basi likachomwa uani kwa heshima zake, na jivu likafukiwa chini ya mlimau. Kibiriti niliwasha mimi.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kujifunza kuandika programu kwa lugha iitwayo Python. Nilijifunza kwa video za bure, mchana, wateja wakipungua. Nilikuwa nimechoka kuhesabu vidonge. Mwalimu wa kwenye video alisema mwanafunzi asikae na nadharia, atengeneze kitu kitakachowafaa watu wa nyumbani kwake. Na mwezi huohuo Ami Bakari, ndivyo sote tulivyomwita mdogo wake babu, akafariki Mjambere. Jina lake likawa linahitaji kuingia kwenye orodha.

Mtu mwenye akili angefungua faili, akaandika jina, akafunga. Ni kazi ya nusu dakika. Mimi niliamua kumwandikia Ami Bakari programu.

Niwaeleze kidogo, msiojua msiogope. Ukitaka Python ikufungulie faili, huipa jina la faili na herufi moja ya kuonyesha unataka kulifanya nini. Herufi r ni ya kusoma. Herufi a ni ya kuongeza kitu mwishoni. Na w ni ya kuandika. Mwalimu alizieleza zote tatu, ila wakati huo mteja alikuwa anataka dawa ya kikohozi.

Nilianza na r. Python ikanijibu kwa maandishi mekundu kwamba faili hilo halipo. Faili nililiona kwa macho yangu mawili! Nikaandika upya jina lake, nikazima kompyuta, nikaiwasha. Nikaisomea Ayatul Kursi. Ikashikilia kuwa halipo.

Kumbe programu ilikuwa kwenye folda moja na faili la majina kwenye folda nyingine, na Python hutafuta palepale ilipo, haizunguki nyumba nzima ikipiga hodi. Mimi hilo sikulijua. Nikaiondoa r, nikaweka w, kwa sababu ilikuwa inafuata kwenye daftari langu la masomo. Maandishi mekundu yakatoweka.

Jamani, nilifurahi! Nilidhani nimepata dawa. Na mimi muuza dawa nilipaswa kujua kuwa homa ikishuka si lazima ugonjwa umepona. Hiyo w isipolikuta faili hailalamiki. Hutengeneza jingine jipya, tupu, ikaandika humo na kuendelea na mambo yake. Nilipofungua faili la majina nikaona Ami Bakari hamo, ndipo nikagundua habari ya folda mbili. Nikajiona fundi. Nikaihamisha programu nikaiweka pamoja na majina, na ile w nikaiacha palepale, maana ndiyo iliyoniondolea hitilafu.

Nikaiendesha tena. Na kazi ya w ni hii: ikilikuta faili, hulifuta lote kwanza, ndipo iandike. Haikuuliza kitu. Halikutokea hata neno moja jekundu.

Nikafungua faili kuangalia. Katika ukoo wetu mzima alikuwa amekufa mtu mmoja tu, Ami Bakari.

Nilibonyeza kila kilichobonyezeka. Halafu nikaibeba kompyuta mpaka kwa Mutua, mtu wa bara mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, jirani na dukani kwetu, ambaye hizi kazi anazijua. Akaniuliza kama niliweka kopi mahali. Sikuweka. Akaniuliza kama majina yapo kwenye karatasi. Nikamwambia tuliichoma.

"Hiyo imeenda, siz," akasema. "Enda tu umwambie shosh ukweli."

Ushauri ulikuwa mzuri na haukuwa na malipo. Sikuufuata. Kufikia wakati huo nyanya alikuwa haoni kabisa, na daftari lilikuwa mbolea ya mlimau. Nilijiambia kumwambia ukweli ni kumpa kidonda asichokuwa na dawa yake. Ndivyo mwoga anavyojisifu, hujiita mwenye huruma.

Hitima ilikuwa imebakiza siku kumi. Nikakaa chini nikawaandika wale ambao nimekuwa nikisikia wakitajwa tangu utotoni, nikawapata sitini na wanne pamoja na Ami Bakari. Ningeweza kupeleka hao hao. Lakini nikaziona zile punje. Pamoja na Ami Bakari, nyanya atasubiri majina mia moja na kumi na mawili, amalizie kwenye punje ya kumi na tatu. Nilipungukiwa na maiti arobaini na wanane.

Hapa ndipo ninapoona haya. Niliandika programu ya pili. Nikaipa safu ya majina ya watu na safu ya majina ya baba, nikaiambia iyachanganye ovyoovyo inipe watu arobaini na wanane. Ilikubali mara ya kwanza. Tangu nianze Python, ndiyo programu pekee iliyokubali mara ya kwanza, nayo ilikuwa ya kusema uongo.

Hitima ikafika, Jumapili baada ya adhuhuri. Wanaume barazani, wanawake ndani na uani, nyanya dirishani na tasbihi yake ili amsikie maalim vizuri. Maalim akaichukua karatasi yangu akaanza kusoma. Yakatokea mambo mawili.

La kwanza, binamu yangu Fatma binti Omari, mzima wa afya, alikuwa akipanga sahani aliposikia jina lake likitajwa. Programu ilikuwa imemwua. Alisimama na sahani mikononi mpaka mtu akamwambia bila shaka ni wajina wake wa zamani. Akaendelea kupanga, lakini taratibu.

La pili, mzee Swaleh, mjomba wake mama, alinitafuta baada ya dua akanishika mkono. Alinishukuru kwa kutomsahau Salim bin Mwinyi. Alisema watu wengi wamemsahau, na ndiye aliyemfundisha kushona kofia. Machozi yalimlenga mzee wa watu. Salim bin Mwinyi alikuwa na umri wa siku nane.

Lakini hesabu ilitimia. Maalim alinyamaza nyanya akiwa kwenye punje ya kumi na tatu, nami nikashusha pumzi. Ila nyanya hakusema alhamdulillahi.

Wageni walipoondoka akaniita. Nikaitika abee nikaenda kuketi karibu naye.

"Zuhura sikumsikia," akasema.

Nikamuuliza Zuhura gani. Ndipo nikajua kitu ambacho niliwahi kukiandika kwa vidole vyangu bila kukisoma. Zuhura alikuwa mwanawe wa kwanza, kabla ya mamangu. Aliishi siku tatu. Babu alimzika, akarudi nyumbani, akaliandika jina daftarini, na hawakumzungumzia tena mpaka babu naye akafa. Mara moja kwa mwaka, kwenye hitima, ndipo jina hilo lilipotajwa kwa sauti chini ya paa la nyumba yetu.

"Mtoto mchanga hana haja na dua yangu," nyanya akasema. "Yeye ni wa peponi. Mimi ndiye mwenye haja ya kumsikia."

Nafasi ya kutubu ilikuwa hapo, imefunguliwa wazi na mwenyewe. Nami nikamjibu hivi:

"Alitajwa, nyanya. Ulisinzia."

Hilo ndilo ungamo langu. Yale mengine ni ujinga wa mwanafunzi, na mjinga hufunzwa. Hili nililisema nikiwa na akili zangu zote.

Nyanya akasema huenda. Jioni ile akaniuliza kama ameshaswali alasiri. Alikuwa ameshaswali, nilimwona. Kesho yake akaniuliza kama dawa zake amezinywa, yeye ambaye ndiye aliyekuwa akinikumbusha mimi. Akaacha kuonja mchuzi, akisema labda na ulimi wake unasinzia siku hizi. Mtu timamu nilimfanya azitilie shaka akili zake, na nikaendelea kwenda kazini na kuwaambia watu wameze vidonge viwili mara tatu kwa siku.

Siku ya nne akaniomba nimsomee orodha yote tena, polepole, na safari hii hatasinzia. Nikaenda chumbani, nikamwongeza Zuhura kwenye faili. Nilitumia a. Nikarudi nikasoma, naye nikamtaja katikati, si mwishoni a ilipomweka.

Nilipomtaja Zuhura aliinua mkono, nikasimama. Midomo ilimcheza bila sauti. Kisha akasukuma punje, akaniashiria niendelee. Nikasoma mpaka mwisho, nikanyamaza. Kidole chake kilikuwa kwenye punje ya kumi na nne.

Akairudia kuihesabu kwa vidole, taratibu, kutoka mwanzo wa mzunguko.

"Imezidi moja," akasema.

Wallahi maneno ya kusema amekosea kuhesabu yalinifika kwenye meno. Nikamtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa ameielekea tasbihi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka mno kuwa sawa, japo mara moja.

"Hesabu yangu si mbovu," akasema. "Nambia kweli, mwanangu. Ni nani humu asiyekuwa wetu?"

Ningemtaja mmoja, nikaokoka. Nafikiri hata alikuwa ananipa njia.

"Arobaini na wanane, nyanya."

Nikamwambia yote. Folda mbili, r, w, Mutua, programu ya uongo, na kwamba hakusinzia hata kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata kauli. Alichouliza kilikuwa kimoja, kama Salim bin Mwinyi aliyemliza Swaleh naye nimemtunga. Nikasema naye. Nyanya akacheka kidogo, kisha akalia sana, na mimi sikujua nimshike mkono au nitoke.

Siku nne hatukuzungumza zaidi ya salamu. Shikamoo, marahaba, basi. Siku ya tano akanipa hukumu. Kila siku ya mapumziko yangu nitakwenda kwa jamaa zetu, Kisauni, Likoni, Changamwe, popote walipo, nikaombe majina ya marehemu wao. Na kila nyumba nitakayoingia, kabla ya kuomba jina, nitaanza kwa kusema nililolifanya.

Nimeshaungama katika nyumba kumi na moja. Hii ya kwenu ni ya kumi na mbili, na ndiyo rahisi kuliko zote kwa sababu hamnioni. Kuna nyumba Likoni niliambiwa niondoke, nikaondoka. Fatma alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanikataza kabisa kugusa jina lake. Mzee Swaleh ndiye aliyenishinda. Nilimwambia Salim bin Mwinyi hakuwahi kuzaliwa, akakataa. Akanieleza na nyumba aliyokuwa akikaa. Mpaka leo humwombea, na sidhani kama dua zake zinapotea.

Safari hii naandika na hadithi zao. Nani alikuwa mbishi, nani alipenda papai bichi. Faili liko kwenye kompyuta, liko kwenye simu, liko kwa Mutua, na majina yote nimeyanakili kwa mkono kwenye daftari jipya ambalo halitachomwa na mtu. Tumewapata tisini na saba. Kumi na watano hatuna. Waliowajua nao wamekufa, au wamesahau, na mahali pekee walipokuwa wamebaki palikuwa kwenye faili nililolifuta nikishangilia.

Mwaka huu kwenye hitima maalim aliwataja hao tisini na saba, kisha akanyamaza kama nyanya alivyomwomba. Nyanya akasukuma punje kumi na tano, moja moja, pasipo jina. Wageni walidhani maalim anapumzisha koo. Mimi nilizihesabu pamoja naye.

Basi wewe unayejifunza, nisikie. Hitilafu ikikuambia kitu hakipo, kwanza kitafute kilipo. Usiende kubadilisha herufi mpaka kelele zinyamaze, maana kunyamaza si kupona. Usijaribie ujinga wako kwenye kitu ambacho kiko kimoja tu duniani. Tengeneza kopi, ujinga uufanyie huko. Na daftari la wazee usilichome hata likiwa limeliwa na mende. Lakini kuliko yote, ukiharibu, sema siku hiyohiyo. Majina yaliyopotea nimeyatafuta na mengi nimeyapata. Neno nililomwambia nyanya, kwamba alisinzia, hilo sijapata namna ya kulirudisha. Bado kuna siku huniuliza kama ameshaswali.

Siku ile ya hitima ya mwaka huu, baada ya wageni kuondoka, aliniita tena.

"Ile herufi ya kuongeza mwisho," akasema, "ile isiyofuta watu, ni ipi?"

"Ni a, nyanya."

"Iweke karibu. Anayefuata ni mimi."

Nimeiandika kwenye kikaratasi nikakibandika juu ya kioo cha kompyuta, na kila ninapoiwasha nakisoma kwanza.